Kibaya kinapotembezwa na kizuri: Warembo wa ukutani katika mabango ya propaganda

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Aghalabu methali hii huwalenga wachuuzi wa bidhaa hafifu na wanasiasa wanaojisifu hadi kukauka koo. Lakini wahenga waliacha hali ya tatu bila kuitaja, nayo ndiyo ninayotaka tuijadili leo: vipi ikiwa kibaya kitamkodi kizuri, kimwambie, “Hebu nitembeze wewe”?

Nauliza hivi kwa sababu ya mtindo wa uchoraji ambao siku hizi umetapakaa mitandaoni, kwenye fulana, vikombe vya chai na kuta za mikahawa ya vijana. Mtindo huu huchanganya sanaa mbili za kale. Ya kwanza ni zile picha za warembo wanaotabasamu, sketi zikipepea, ambazo zilivuma Marekani tangu miaka ya 1930 hadi 1950. Ya pili ni bango la propaganda: rangi nyekundu na nyeusi, ngumi juu, kidole kinachokuelekea wewe mtazamaji, na maneno machache ya amri. Ukizichanganya unapata mrembo wa kalenda aliyevishwa kofia ya kijeshi, anayekukonyeza huku akikuamuru ufanye kazi kwa bidii au ununue hati za dhamana za vita. Watazamaji hucheka. Eti ni utani tu, tena utani wa mambo yaliyokwisha kupita.

Mimi sina uhakika kwamba yamepita. Tena sina uhakika kwamba ni utani tu.

Tuanze na istilahi, maana ndiyo desturi ya safu hii. Waingereza wanazo pini za kubandikia picha ukutani, na kutokana na pini hizo wakapata jina la picha zenyewe. Sisi tunaweza kuziita “picha za warembo wa ukutani”, au “warembo wa ukutani” kwa kifupi. Yeyote aliyewahi kupeleka gari kwenye gereji au kukalia kiti cha kinyozi ameona binamu zao kwenye kalenda za wauza vipuri na mafuta ya nywele.

Neno “propaganda” nalo lina historia ndefu zaidi. Mnamo 1622, Papa Gregory XV aliunda idara ya Kanisa Katoliki ya kueneza imani, na katika jina lake la Kilatini mlikuwamo neno hilo. Asili yake ni kitenzi cha mkulima: kupanda vipandikizi ili mmea uenee. Wakati huo halikuwa tusi. Ni vita vya karne ya ishirini vilivyolitia doa. Kiswahili kimelipokea neno hilo jinsi lilivyo, ila tunalo jingine tamu zaidi, yaani “kasumba”. Kasumba asili yake ni afyuni, kisha maana ikapanuka, ikawa fikra zilizopandwa kichwani mwa mtu naye akadhani ni zake. Ukitazama vizuri utaona kwamba “propaganda” hueleza kazi ya mpandaji, ilhali “kasumba” hueleza hali ya aliyepandiwa. Tunayahitaji maneno yote mawili, kwa sababu bango lina pande mbili: anayelibandika na anayelitazama.

Sasa twende kwenye picha zenyewe. Wengi hudhani kwamba kumchanganya mrembo na propaganda ni uvumbuzi wa wachoraji wa leo wenye kejeli. Sivyo. Mnamo 1917, Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mchoraji Howard Chandler Christy alitoa bango la kuwashawishi vijana wajiunge na jeshi la majini. Msichana amevaa sare ya baharia, nywele zinapepea, anatabasamu kwa haya kidogo. Maneno yake yanasema kwamba laiti angekuwa mwanamume angejiunga na jeshi hilo. Chini yake kuna amri: kuwa mwanamume, ukajiunge.

Tazama lugha inavyofanya kazi hapo. Msichana anazungumza kwa hali ya masharti, kile tunachokifundisha darasani kwa viambishi -nge- na -ngali-. Yeye ni wa “ningekuwa”. Kijana anayemtazama anapewa hali ya amri: “kuwa!” Mmoja anatamani, mwingine anaamrishwa, na aliyeandika maneno yote mawili hayupo pichani. Kinaya ni kwamba mwaka huohuo wa 1917 jeshi hilohilo lilianza kuwaandikisha wanawake kama makarani, na zaidi ya 11,000 walihudumu kabla ya vita kwisha. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya “ningekuwa”. Wanawake halisi walikuwa ofisini na sare zao. Bango halikuwahitaji hao. Lilimhitaji msichana wa kumwonea aibu kijana aliyebaki nyumbani.

Ndugu hawa wawili basi, mrembo na propaganda, walilelewa nyumba moja. Vita vya Pili vilipozuka, walikuwa wameshakomaa. Alberto Vargas, mzaliwa wa Peru, alichora warembo wa jarida la Esquire, na askari wakawabandika kwenye kambi na kuwanakili kwenye mapua ya ndege za kivita. Picha ya mwigizaji Betty Grable ya mwaka 1943, akitazama nyuma juu ya bega, ilifuata askari popote walipokwenda. Serikali haikuwa na msimamo mmoja. Mwaka huohuo wa 1943 mkuu wa posta wa Marekani alijaribu kulinyang'anya Esquire nafuu ya ada ya posta kwa madai kwamba halikuwa na manufaa kwa umma, na mzozo huo ukafika Mahakama ya Juu, ambayo mnamo 1946 iliamua kwa faida ya jarida. Yaani mkono mmoja wa dola ulimkaribisha mrembo kambini, na mkono wa pili ukamfukuza posta.

Lakini mrembo hakuwa zawadi pekee. Alikuwa pia mtego. Linganisha mabango mawili yanayozungumzia jambo moja, yaani kufunga mdomo wakati wa vita. La kwanza ni la Kisovieti la mwaka 1941, la mchoraji Nina Vatolina na mwenzake Nikolai Denisov. Mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu kichwani ameweka kidole midomoni, macho yamekutumbulia. Ujumbe ni mfupi: usiropoke. La pili ni la Uingereza la mwaka 1942. Mwanamke mwenye nywele za dhahabu na gauni la jioni ameegemea kitini, na maofisa watatu, wa jeshi la nchi kavu, la majini na la angani, wamemzunguka wakipiga soga. Ujumbe wake unatumia maneno yenye maana mbilimbili, kiasi kwamba kuyatafsiri ni shida: neno la “kimya” ndilo pia la “mama”, na la “mjinga” ndilo pia la “bubu”. Kwa ufupi: nyamaza, huyu si zuzu unayemdhania.

Ujumbe ni mmoja, ila wanawake ni wawili tofauti kabisa. Wa Vatolina ndiye anayesema. Yeye ni mlinzi, na anayehitaji kuonywa ni wewe. Wa Uingereza hasemi lolote. Anasemwa. Tena anasemwa kwa wanaume, akiwa pale pale mbele yao. Ukikumbuka pia mabango ya Marekani ya kuwaonya askari dhidi ya kaswende na kisonono, ambamo sura ya msichana msafi iliambatanishwa na onyo kwamba usafi huo unaweza kuficha maradhi, utaona jinsi uzuri uleule ulivyotumiwa kumvuta askari na kumtisha. Aliyemwambukiza msichana mwenyewe hakuchorwa. Msomaji aliyekuwa mtu mzima wakati kampeni za kwanza za ukimwi zilipoanza hapa kwetu hatashangazwa na mtindo huu wa kumtafuta mwanamke wa kulaumiwa.

Hapo ndipo tunapoweza kuwahukumu wachoraji wa leo kwa haki. Nimchukue mmoja anayefahamika, Valery Barykin, Mrusi aliyezaliwa 1966, wa mji wa Nizhny Novgorod. Barykin amechukua mbinu za wachoraji wa kalenda wa Marekani, hasa Gil Elvgren (1914–1980), akazipandikiza kwenye mandhari ya Kisovieti: malori, mashamba ya ushirika, makanika wenye kofia, vijana wenye skafu nyekundu, na maneno ya hamasa ya mtindo wa chama. Katikati ya hayo yote yupo mrembo wa Elvgren, na wanaume wamemkodolea macho.

Ili kuelewa uchekeshaji wake ni lazima tujue sarufi ya Elvgren. Huyu alichorea kampuni ya kalenda ya Brown & Bigelow ya mji wa St. Paul kwa takriban miaka 30, na kanuni yake haikubadilika sana. Msichana yumo katika shughuli ya kawaida, kisha kunatokea kisanga. Sketi imenaswa na mlango. Upepo umevuma. Mbwa amejizungusha miguuni na kamba yake. Kwa lugha ya mofolojia, kitenzi cha mrembo wa ukutani ni cha kauli ya kutendeka: imepeperuka, imefunuka. Hakuna aliyekusudia. Mtazamaji anatazama bila hatia kwa sababu hakuna mtendaji wa kulaumiwa, isipokuwa bila shaka mchoraji, ambaye ndiye aliyeuleta huo upepo.

Kitenzi cha bango la propaganda ni kinyume chake. Ni cha amri: jenga, jiunge, nyamaza, lima. Pale kila kitu kimekusudiwa. Kwa hiyo Barykin anapomweka mwanamke ambaye mambo “humtokea” chini ya maneno yanayoamuru, sarufi mbili zinagongana, na mgongano huo ndio unaotuchekesha. Amri kuu ya dola inaonekana ndogo. Bango la Kisovieti lilitaka tuamini kwamba mfanyakazi anawaza chuma na ngano pekee, usiku na mchana. Barykin anatukumbusha kwamba alikuwa binadamu, na akipita mrembo aligeuza shingo kama mtu mwingine yeyote. Huu ni ukweli, na bango rasmi liliuficha. Katika hilo nampa mchoraji heshima yake. Mkono wake pia ni stadi. Mwanga unavyoangukia shavu na chuma ya lori si kazi ya mwanagenzi.

Hata hivyo, nina malalamiko mawili.

Kwanza, nani amepotea katika mchanganyiko huu? Propaganda ya Kisovieti, pamoja na uongo wake wote, ilikuwa na mwanamke mmoja ambaye kalenda ya Marekani haikumjua: mwanamke anayeendesha mtambo. Pasha Angelina hakuwa mtu wa kubuni. Mnamo 1933 aliongoza kikosi cha madereva wa trekta kilichokuwa cha wanawake watupu, na dola ikamfanya kielelezo. Ni kweli kwamba ilimtumia. Lakini katika picha zake yeye ndiye aliyeshika usukani. Mrembo wa Elvgren akihamia shamba la ushirika, aghalabu huwa ndiye anayesaidiwa, anayechunguliwa au anayeduwaza madereva. Mchanganyiko umechukua amri kutoka Moscow na sketi kutoka Marekani, ukamwacha Pasha barabarani.

Pili, na hili ni zito zaidi, mchanganyiko huu huosha. Vifaa vya zamani vikishachakaa rangi huonekana vitamu. Tunaviita “vya kale dhahabu”. Bango la miaka ya 1930 lililomtaka mkulima atabasamu shambani lilibandikwa katika nchi ambayo mamilioni ya wakulima walikufa kwa njaa mnamo 1932 na 1933, hususan Ukraine, huku nafaka ikichukuliwa na serikali. Rangi nyekundu imebaki, njaa imefutika. Ukiongeza mrembo anayekonyeza juu yake, hata ule wasiwasi mdogo ambao bango kavu lingekupa unatoweka. Kibaya hakijitembezi tena, kimepata miguu ya kukodi.

Mtu atasema, “Lakini Profesa, si watu wanajua huo ni utani?” Wanafunzi wangu huniuliza hivyo, na ni swali la haki. Jibu langu ni kisa cha bango moja ambalo karibu kila mtu amewahi kuliona: mwanamke wa Marekani mwenye shati la buluu, kitambaa chekundu chenye madoa meupe, amekunja ngumi na kuonyesha msuli, na juu yake maneno ya “Tunaweza!” Leo bango hilo ni nembo ya ukombozi wa wanawake. Wenzetu hulivaa kwenye maandamano. Lakini J. Howard Miller alilichora mwaka 1942 kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likabandikwa ndani ya viwanda vyake kwa majuma mawili tu mnamo Februari 1943, kisha likaondolewa. Lilikuwa sehemu ya mfululizo wa mabango ya kuwahimiza wafanyakazi waliokuwa tayari kiwandani wasizembee wala kukosa kazi. Ile “tu-” ya “tunaweza” ilikuwa ya mwajiri. Umaarufu wake wa sasa ulianza miaka ya 1980, na vita vilipokwisha wengi wa wanawake waliokuwa viwandani waliambiwa warudi jikoni.

Kuna mwanamke aliyelipia kisa hicho kwa jina lake. Mnamo 1942 mfanyakazi kijana wa kituo cha ndege za jeshi la majini huko Alameda, California, alipigwa picha akiwa ameinamia mashine, kitambaa chenye madoa kichwani. Watu wengi huamini kwamba picha hiyo huenda ndiyo iliyomchochea Miller. Kwa miaka mingi mwanamke mwingine, aliyekosea kwa nia njema, alitajwa kuwa ndiye. Ni utafiti wa msomi James Kimble, uliochapishwa 2016, uliothibitisha kwamba aliye pichani ni Naomi Parker Fraley. Alipoulizwa, bibi huyo alisema kwamba hakutaka umaarufu wala mali. Alitaka utambulisho wake. Aliaga dunia Januari 2018 akiwa na umri wa miaka 96. Uso wake ulikuwa umezunguka dunia, jina lake likabaki nyuma kwa zaidi ya miaka 70.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Katika vita hivyohivyo Uingereza ilichapisha mabango kwa Kiswahili. Moja lilitangaza: “Askari wetu washinda Wajapani.” Wazee wetu wa KAR walipigana Burma kweli, na wengine hawakurudi. Lakini lisome tena hilo neno “wetu”. Askari wa nani? Wa anayesoma Nairobi, au wa aliyechapisha London? Kivumishi kimoja kimiliki kilimpa Mwafrika fahari ya ushindi bila kumpa kipande cha ardhi wala kura. Kama bango lile lingechorwa upya leo kwa rangi za kuvutia na mrembo pembeni, tungelicheka kwa furaha ileile? Nadhani wengi wetu tungesita. Basi tuwaachie Waukraine na Warusi nafasi ya kusita kama sisi.

Si kwamba mwanamke na maneno haviwezi kukutana kwa heshima. Mwanamke wa Mombasa au Lamu akienda dukani kununua leso, husoma jina kwanza. Picha na rangi zinaweza kumpendeza, lakini jina likiwa halisemi analotaka kusema, ataiacha. Akishaivaa, yeye ndiye bango, na yeye ndiye aliyechagua ujumbe na anayejua ni jirani gani unamhusu. Hata miongoni mwa wachoraji wa kalenda wa Marekani kulikuwa na Zoë Mozert, ambaye mara nyingine alijitazama kwenye kioo akajichora mwenyewe. Kwa hiyo sipingi uzuri kuchorwa. Ninalouliza ni kama mwenye uso ana usemi wowote juu ya maneno aliyotiwa kinywani.

Swali hilo lina uzito mkubwa zaidi sasa, kwa sababu kompyuta inaweza kumtengenezea yeyote picha ya aina hii kwa sekunde chache, bila brashi na bila mwanamke wa kuketi mbele ya mchoraji. Misimu yetu ya kampeni haikosi mabango. Mgombea atakayetaka kuonekana shujaa wa zamani, mwenye tabasamu na miali ya jua nyuma yake, hatahitaji fundi.

Nawasihi basi walimu wenzangu wa shule za upili, mnapofundisha sajili ya matangazo, msiishie kwenye orodha ya sifa: sentensi fupi, takriri, chuku. Wapeni wanafunzi bango lolote, hata la sabuni, kisha muwaulize maswali manne. Nani anasema? Anamwambia nani? “Sisi” iliyotajwa inawajumuisha akina nani? Na huyu aliyechorwa, kitenzi chake ni cha kutenda au cha kutendeka? Mwanafunzi atakayeweza kujibu hayo atapita mtihani wa Kiswahili bila tabu. Na siku atakapokutana na mrembo anayemkonyeza akiwa ameshika bendera, atamtazama, atatabasamu akipenda, kisha atainua macho amtafute aliyeandika maneno.